Tulivyopima Kuku wa Wageni

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa shati lililopigwa pasi mpaka likakaribia kusimama lenyewe. Nilikuwa kijana wa Kijita kutoka upande wa Kibara, nimemaliza masomo ya shule ya usiku pale Musoma mjini. Tulisoma kwa taa ya karabai baada ya vibarua vya mchana, na mwalimu alituambia kwamba mtu anayejua desimali hawezi kulala njaa katika Tanganyika hii. Mimi nilizijua desimali kama ninavyojua majina ya samaki. Ziwa zima lilikuwa na habari kwamba nazijua, maana nilitangaza mwenyewe.

Daktari wa Wilaya, Mwingereza mrefu mwenye miwani iliyokaa kwenye ncha ya pua, alinitazama kutoka kichwani mpaka kwenye viatu vya kuazima.

"Wewe ndiye Masatu? Nusu ya robo ni ngapi kwa desimali?"

"Nukta moja mbili tano, bwana."

"Unaweza kutembea?"

"Naweza kutembea mpaka Mwanza nikarudi kabla chai yako haijapoa, bwana."

"Haina haja," akasema. "Mpaka Butiama inatosha."

Basi nikaajiriwa, cheo changu Msaidizi wa Chakula. Mama yangu aliposikia alipiga vigelegele, akadhani nimepata kazi ya kuonja. Ninyi wajukuu mnaosoma haya mtacheka, lakini hakukosea sana, kama mtakavyoona.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Serikali ilitaka kutengeneza kitabu kimoja cha nchi nzima, cha kuwaeleza watu wale nini ili wawe na afya. Kitabu hicho kingefundishwa kliniki na mashuleni, kutoka pwani mpaka kwetu. Siku zile chakula kiligawanywa mafungu matatu: cha kutia nguvu, kama ugali na viazi, cha kujenga mwili, kama samaki, nyama, maziwa na kunde, na cha kulinda mwili, yaani mboga na matunda. Lakini huwezi kumwambia mtu aongeze nini kabla hujajua anakula nini. Kwa hiyo kila jimbo lilitakiwa kupima vyungu vya watu wake na kupeleka hesabu, na kila jimbo lingepewa ukurasa wake kitabuni.

Aliyetumwa kutuongoza ni mama mmoja wa Kiingereza kutoka Dar es Salaam, mtaalamu wa lishe, watu wakamwita Bibi Lishe. Alijifunza Kiswahili pwani, akakisema kwa uangalifu kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Alikuja na sanduku la mizani lililokuwa zito kuliko ndama. Wa tatu wetu alikuwa Rajabu, dereva, mzaliwa wa Musoma mjini, mtoto wa fundi cherehani. Rajabu aliweza kuendesha gari, kusimulia na kulalamika kwa wakati mmoja, na gari halikuyumba.

Njia ya kupima iliitwa mgao kwa kichwa. Mama anapika, wewe unapima chungu chote, unatoa uzito wa chungu chenyewe, kisha unagawa chakula kwa hesabu ya watu wa nyumba ile. Ukipata jibu unasema: kila mtu hapa anakula kiasi fulani cha ugali, kiasi fulani cha nyama. Kwenye desimali hapo ndipo nilipokuwa nikiogelea. Rajabu alikuwa anasema nikianza kugawa hata inzi wanatulia wasikilize.

Tulianzia Bunda. Kila nyumba tuliyoingia, kuku. Tukaenda vijiji vya ziwani, nyumba ya kwanza sato mkubwa kama mlango, nyumba ya pili kuku, ya tatu kuku tena. Nakuambieni, kuku wa Bunda walifika mahali wakawa wanaijua sauti ya gari letu, wakisikia linapanda mlima wanaruka juu ya mapaa. Bibi Lishe aliandika kwa furaha. Jioni alisema, "Bwana Masatu, watu wa hapa wanakula vizuri kuliko watu wa mtaa wangu kule kwetu."

Nami nikaitikia, nikiwa nimeshiba.

Butiama ndiko kazi ilikokuwa na uzito. Daktari wa Wilaya alikuwa amefungua vyumba viwili vya maziwa, kimoja Bunda na kimoja Butiama, ambapo watoto walioachishwa ziwa na kudhoofika walikorogewa maziwa ya unga kila asubuhi. Ugonjwa wao ni ule mnaouita kwashiakoo: miguu inavimba, nywele zinageuka rangi ya kutu, mtoto anakaa tu, hachezi, hata kulia anaona uvivu. Kati yao alikuwepo Magesa. Mama yake alikuwa Mzanaki mwenye maneno makali na moyo mlaini, nyumba yake hatua chache kutoka chumba cha maziwa. Alimwachisha Magesa ziwa alipopata mimba nyingine. Alipoletwa mara ya kwanza, mtoto yule alikuwa hata akikanyagwa na kuku hageuki. Baada ya maziwa ya wiki kadhaa alianza kufukuza kuku. Mama Magesa alisema hiyo ndiyo dalili ya afya anayoijua yeye.

Nyumba ya Mama Magesa tuliipima kama nyingine. Alituchinjia jogoo.

Tukapeleka hesabu Mwanza kwa Daktari Mkuu wa Jimbo, mkubwa wa wakubwa zetu, mtu aliyeamini kitu kikishaandikwa kwa tarakimu. Majibu hayakuchelewa. Daktari wa Wilaya alituita ofisini, uso umemshuka.

"Mkubwa amefurahi," alisema, kwa sauti ya mtu aliyefiwa. "Anasema watu wa hapa hawana upungufu wa nyama. Ukurasa wetu kitabuni utasema waendelee hivyo hivyo. Na maziwa ya unga yanahamishiwa kwenye wilaya zenye shida. Vyumba vyote viwili vifungwe mwisho wa mwezi, akishapita kukagua."

Bibi Lishe akashika kiti. "Lakini wale watoto?"

"Kwa hesabu yako, bibi, Magesa anakula robo ya jogoo kila siku."

Tulitoka pale tukapanda gari. Kutoka Musoma mpaka Kiabakari Rajabu hakulalamika hata mara moja, nikajua mambo ni mabaya. Tuliposimama pale ili gari linywe maji, ndipo akafungua kinywa.

"Mimi jambo moja linanishangaza. Mtoto anakula robo jogoo, anavimba miguu. Mimi tangu nianze kazi hii suruali zote zimekataa kufunga. Mke wangu ananiuliza nimeoa wapi mke wa pili anayepika vizuri hivi."

Nilicheka. Bibi Lishe hakucheka. Alikuwa anautazama mkanda wake, ambao ulikuwa umehamia tundu la mwisho. Tulipofika Butiama alikwenda moja kwa moja kwenye mizani ya kliniki, ile ya kupimia wajawazito, akapanda. Akashuka. Akampandisha Rajabu, mizani ikalia kama mlango wa stoo. Akanipandisha mimi. Mimi niliyeanza kazi nikiwa mwembamba kama ufito!

"Bwana Masatu," akasema polepole, "nadhani nimewapata kuku wetu waliopotea."

Hapo ndipo ilipotuingia. Tulipima kuku mzima, tukamgawa kwa watu wa nyumba, kisha tukakaa mkekani tukamla sisi. Wageni hawakuwemo kwenye hesabu, maana kanuni ilisema wageni si watu wa nyumba. Kwa hiyo kila kuku aliyeingia matumboni mwetu, kwenye karatasi aliingia tumboni mwa Magesa.

Tulimfuata Mama Magesa, alikuwa anatwanga udaga, yaani muhogo uliovundikwa na kukaushwa.

"Mama," nikamuuliza, "siku ile ya jogoo, Magesa alipata nini?"

"Alipata mchuzi kidogo na mguu."

"Paja?"

"Mguu, baba. Ule wa kukanyagia." Akaacha kutwanga. "Kwani mlitaka niwapikie nini? Gari la serikali limesimama mlangoni kwangu, mzungu mzima ameshuka na mizani, mimi niweke mlenda? Wanawake wenzangu wangenisema mpaka siku ya kuzikwa."

"Tungetaka upike kama unavyopikaga siku zote," Bibi Lishe akasema. Hilo "unavyopikaga" alilipata kwetu, wala hakulijua kabla.

"Sawa, bibi. Kesho njooni."

Tulikuja kesho yake. Kuku.

"Mama Magesa!"

"Ni mdogo tu huyu, bibi. Hata kumwita kuku ni kumheshimu."

Tukajaribu nyumba nyingine bila taarifa, tukatokea ghafla jua likiwa kichwani. Tulikaribishwa, tukawekewa viti, tukaambiwa tusubiri kidogo, na nyuma ya nyumba tukasikia mbio na mbawa. Mwisho wa mwezi ulikuwa unatukaribia, na kila kuku aliyechinjwa alikuwa anaukaza ule mlango wa chumba cha maziwa.

Wazo lilinijia kutoka kwetu ziwani. Kule Kibara wavuvi wa kambi wakitoka ng'ambo, siku wanapofika wanapikiwa na kuandaliwa kama wakwe. Lakini wakishapanga mafiga yao matatu na kuwasha moto wao, basi, wageni wamekwisha. Sasa ni majirani: wanaombwa chumvi, wanagombezwa kwa moshi, na chungu kinafunuliwa mbele yao bila haya. Nikamwambia Bibi Lishe, sisi hapa tutaitwa wageni mpaka tuzeeke kama tunakula kwa watu. Tupange mafiga.

"Kwetu," alisema, "ukienda nyumbani kwa mtu na chungu chako, umemtukana."

"Hapa ukija nacho umehamia."

Mama Magesa alitupa kipande cha ardhi kando ya boma lake. Gari tulilirudisha likakae kliniki. Tukapiga mahema mawili, la Bibi Lishe na letu, tukapanga mawe matatu, na Rajabu akasonga ugali. Jamani! Ugali ule ungeweza kuziba tundu la mtumbwi. Upande mmoja mbichi, upande mmoja mkaa. Wanawake walikuja kutoka kila upande, nadhani hata kutoka Ikizu, kuja kuona wanaume wawili na mzungu wakipika. Walicheka mpaka wakakaa chini.

"Rajabu, baba," Mama Magesa akasema, machozi yakimtoka, "mwiko unashikwa hivi, siyo kama jembe."

"Niache, shangazi. Kwetu mjini ndivyo unavyosongwa."

"Basi mjini kuna msiba."

Siku ya kwanza walituletea kuku, tukamrudisha akiwa hai, tukasema chungu chetu kiko motoni. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, kumrudisha kuku yule. Siku iliyofuata hawakuleta. Siku iliyofuata tena, tulipoinuka tu, Mama Magesa alisimama pembeni ya hema, kitenge begani, hana haraka.

"Jirani," akasema, "nisaidie chumvi."

Bibi Lishe alimpa chumvi. Mama Magesa alipokwisha kuondoka, Bibi Lishe alinigeukia na kuninong'oneza kama mtu aliyepata uraia. "Ameniita jirani!"

Kuanzia hapo tulikwenda kuomba moto, kuomba maji, kuazima mwiko wenye akili. Kila tulipoingia jikoni chungu kilifunuliwa, na mizani ilikuja nyuma taratibu, watu wameshaizoea kama mbuzi wa jirani. Tukaona yaliyokuwemo. Ugali wa udaga, asubuhi na jioni. Mlenda. Siku nzuri, mboga chungu ya mgagani iliyotiwa maziwa kidogo. Karanga zilikuwepo lakini zilingoja soko. Mayai yalikuwepo, lakini wanawake hawakuyagusa kwa mila za siku zile, na picha kubwa ya kuwekwa kitabuni tuliyoletewa kutoka Dar es Salaam ilikuwa na yai katikati, linang'aa kama jua. Na jambo ambalo mizani isingeliona milele: watoto wote walikula sinia moja, wakubwa kwa wadogo, na aliyetoka kuachishwa ziwa alikuwa bado anapuliza tonge lake la kwanza wenzake walipokuwa wanalamba sinia. Mgao kwa kichwa unafikiri vichwa vyote vina mkono mmoja. Siyo hivyo. Magesa alikuwa na mkono mdogo na ulimi mwepesi kuungua.

Tukaandika hesabu upya. Daktari wa Wilaya akaisoma, akavua miwani.

"Sasa nina hesabu mbili kutoka nyumba zile zile," alisema. "Moja inasema wameshiba, nyingine inasema wana njaa. Mkubwa ataniuliza ipi ya uongo."

"Hakuna ya uongo," akasema Bibi Lishe. "Mwambie anapokuja kukagua, afikie Butiama. Na asije na chakula chake."

Daktari Mkuu wa Jimbo alikuja, mtu mnene wa kofia ya jua, na kalamu imeshatolewa mfukoni tayari kusaini ile amri ya kufunga. Gari lake, Daktari wa Wilaya akiwa ndani, lilipofika bomani kwa Mama Magesa hata vumbi halijatulia, tukasikia mbio na mbawa. Mkubwa akawekewa kiti. Akawekewa kuku, mwekundu kwa mchuzi, na ugali mweupe wa kuazima nyumba ya tatu. Sisi watatu tulikuwa kwenye mafiga yetu, tukila mlenda wetu kama majirani wema.

"Huyu," Bibi Lishe akamwambia kwa adabu, "ndiye kuku wa hesabu ya kwanza, bwana. Nakuomba umtazame anakwenda wapi."

Mkubwa akatazama. Paja lilikwenda kwake. Kidari kilikwenda kwake. Mabawa yalikwenda kwa Daktari wa Wilaya na kwa dereva wao. Kwenye ua watoto walisimama mstari, wakubwa mbele, Magesa mwisho. Mchuzi uliobaki ukafika, mikono ikaruka, na ulipofika kwa Magesa ulikuwa ni sinia tu. Akapewa ule mguu wa kukanyagia. Akaushika, akamtazama yule mzungu mnene, akatabasamu kwa adabu, maana alikuwa amefundwa.

Mkubwa alikuwa na paja mkononi. Aliliweka chini. Nilidhani atakasirika, nikawa tayari nahesabu kichwani umbali kutoka hapo mpaka kwetu Kibara kwa miguu.

"Na hesabu ya pili iko wapi?" akauliza.

Mama Magesa alimtazama Bibi Lishe. Bibi Lishe akamwambia, "Jirani, nikuombe. Mfunulie chungu cha jana."

Mwanamke yule alisita, ni aibu kubwa tuliyokuwa tunamwomba. Halafu akamtazama mwanawe anayetafuna ukucha wa kuku. Akaingia, akatoka na chungu, akakifunua mbele ya mkubwa wa jimbo zima. Kiporo cha ugali wa udaga, mlenda umeganda pembeni.

"Huwaga ndicho hiki, bwana," alisema. "Kuku ni heshima yako wewe."

Mkubwa aliinama akatazama ndani ya chungu. Kisha akairudisha kalamu mfukoni.

"Maziwa yabaki," alisema. "Na ule ukurasa, muuandike upya. Ninyi mnaojua njia ya jikoni."

Daktari wa Wilaya alishusha pumzi, nadhani ilisikika Tarime. Rajabu alimkumbatia dereva wa Mkubwa, mtu asiyemjua hata jina. Mimi nilikaa chini juu ya figa, likiwa la moto, na ninaapa sikulisikia mpaka tulipofika Musoma.

Ukurasa wetu tuliuandika pale pale kando ya hema, wanawake wakisahihisha kwa kucheka. Yai tuliliondoa katikati, tukaliweka pembeni lingoje siku zake. Tukaandika: dagaa wakavu wasagwe, watiwe kwenye uji wa mtoto. Karanga chache zibaki nyumbani kabla ya kwenda sokoni. Na mstari uliotoka kwetu peke yetu, ambao baadaye nilisikia ulipewa majimbo mengine pia: mtoto aliyeachishwa ziwa awe na kibakuli chake mwenyewe. Kitabu kilipotoka kilinukia gundi na wino, na Mama Magesa aliyekuwa hajui kusoma aliomba aonyeshwe mstari huo uko wapi, akauwekea kidole, akakaa nao kitambo.

Nilifanya kazi ile mpaka bendera ikabadilika, na baada ya hapo nikaendelea, wakubwa wakaja wengine, mafungu ya chakula yakaongezeka na kupungua. Nimepima vyungu vingi sana, kama vingepangwa mstari vingezunguka ziwa na kurudi. Kila nilipotumwa mahali papya nilitangulia kutafuta mawe matatu. Vijana wa ofisi walinicheka, lakini hesabu zangu hazikurudishwa.

Sasa nimestaafu, ninaishi Bweri, nyumba yangu ina bati. Aliyelipiga bati hilo ni Magesa, jitu la mabega, anapanda ngazi kama nyani na anajilipa kwa kula. Nikimpikia ninamtengea kibakuli chake, kidogo, mbele ya watu. Anakasirika kila mara, na kila mara anakimaliza.

Juzi alikuja binti wa afya, mpole, ana kalamu na fulana ya mradi. "Shikamoo babu. Naomba uniambie, hapa nyumbani huwa mnakula nini?"

Kabla sijajibu nikasikia, nyuma ya nyumba, mbio na mbawa. Mke wa mwanangu alikuwa ameshamwona mgeni.

"Mwanangu," nikamwambia, "leo usiandike. Leo kula, ukikataa mkwe wangu ataugua. Halafu kesho uvue hiyo fulana, uje umwombe chumvi."

"Chumvi ninayo, babu."

"Najua unayo. Wewe njoo uombe."

Alikuja. Mkwe wangu alimmiminia chumvi kwenye kiganja, akamuuliza anakaa mtaa gani, kisha, bila hata kugeuka kumtazama, akafunua chungu.